Kutoa kijiti cha uzazi wa mpango: ganzi ikamate kwanza

Maelezo kwa mtangazaji: Kipindi hiki kimeandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, pamoja na ndugu zao walioko kambini Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Soma pole pole. Maigizo yasomwe na sauti mbili za wanawake. Panapoandikwa [Muziki], sekunde kumi zinatosha. Kama kuna mkunga karibu na redio yenu, mwalikeni studio ajibu simu za wasikilizaji kipindi kikiisha.

[Muziki]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo, chembamba kama njiti ya kiberiti, ambacho mama nyingi wanacho chini ya ngozi ya mkono. Wengine wanakiita kipandikizi, wengine kijiti. Kuhusu kukiweka mmesikia mengi. Kuhusu kukitoa, watu wanaambiana wenyewe kwa wenyewe kisimani na kwenye foleni ya chakula, na mengi wanayoambiana yanatia hofu. Tusikilize kwanza.

[Sauti: mlango, mtoto analia kwa mbali]

MAMA: Hodi hapa.

MUUGUZI: Karibu mama. Keti. Nikusaidie nini?

MAMA: Nimekuja mnitoe kijiti. Muda wake umepita, nadhani. Lakini nina woga, dada.

MUUGUZI: Woga wa nini?

MAMA: Shemeji yangu alitolewa kule tulikotoka. Alisema afadhali uchungu wa kuzaa. Walimkata akiwa anasikia kila kitu.

MUUGUZI: Pole yake. Haikupaswa kuwa hivyo. Unayo kadi yako?

MAMA: Kadi iliungua na nyumba.

MTANGAZAJI: Tuwaache wawili hao kidogo, tutawarudia. Jibu la huyo muuguzi ndilo tunalotaka ulishike leo: haikupaswa kuwa hivyo. Kutoa kijiti kilichowekwa vizuri ni kazi ya dakika chache. Utahisi sindano ya kwanza, na itachoma. Baada ya hapo hupaswi kuhisi kisu.

Sasa habari ya kadi. Kukimbia vita hakuachi nafasi ya kubeba karatasi, na wengi wenu mmevuka mpaka bila hata cheti cha mtoto. Lakini mkono wako unaweza kukuambia kitu. Kaa mahali pa faragha, pitisha vidole ndani ya mkono wa juu, kati ya kiwiko na kwapa. Kwa wengi ni mkono wa kushoto, kwa sababu huwekwa kwenye mkono usiotumia sana. Hesabu. Ukihisi kimoja, cha urefu wa sentimita 4 hivi na kinachopinda kidogo, yaelekea ni aina ya Implanon, ambayo muda ulioandikwa kwenye kadi zake nyingi ni miaka 3. Ukihisi viwili vilivyokaa kama herufi V, vinaweza kuwa Jadelle, ya miaka 5, au Levoplant, ya miaka 3. Kwa vidole huwezi kuzitofautisha hizo mbili. Kwa hiyo aliyepoteza kadi na hakumbuki jina, ahesabu miaka 3 tangu siku aliyowekewa, na baada ya hapo asikitegemee peke yake kumkinga na mimba.

Na hapa niondoe hofu moja. Kijiti kilichopita muda hakigeuki sumu, wala hakianzi kusafiri kwenda moyoni siku kadi inapoisha. Kinachotokea ni kwamba dawa iliyomo inapungua, na kinga inapungua nayo. Kwa hiyo kama muda umepita na kituo chenye vifaa kiko mbali, una nafasi ya kutafuta mahali pazuri. Usikubali kukatwa na mtu yeyote sokoni kwa sababu tu umeambiwa muda umekwisha. Katikati hapo omba kondomu, vidonge au sindano ya miezi mitatu.

Ndugu zetu walioko Rwanda wajue jambo moja la lugha. Huko watu husema agapira, lakini neno hilo hutumika kwa kijiti cha mkononi na pia kwa kitanzi kinachowekwa ndani ya mji wa mimba. Ukiulizwa kama una agapira, onyesha mkono wako. Itawapunguzia wote wawili mkanganyiko.

[Muziki]

MTANGAZAJI: Kwa nini kutoa kunauma kuliko kuweka? Swali hili linaulizwa sana, na jibu lake ni rahisi ukishajua mwili unavyofanya kazi. Siku ya kuwekewa, kijiti kinaingia kupitia sindano nene kwenye njia iliyotiwa ganzi, na kazi inaishia hapo. Lakini mwili haupendi mgeni. Miezi inavyokwenda unajenga utando mwembamba kukizunguka kijiti, kama mfuko. Siku ya kutoa, muuguzi hawezi kukivuta tu. Lazima akate ngozi kidogo, milimita 2 hadi 4 hivi, upana usiozidi punje ya dengu, kisha akisukume kijiti kuelekea kwenye chale hiyo, aupasue ule utando kwa ncha ya kisu au auparuze kwa shashi safi, halafu akishike kijiti kwa koleo ndogo na kukitoa. Kwa aliyefundishwa vizuri, mara nyingi kijiti hutoka chenyewe kwa kusukumwa na kidole, kama mbegu ya limau. Kwa asiyefundishwa, koleo inaingia na kutoka, inabana nyama badala ya kijiti, na mama anaumia.

Basi tuongee juu ya ganzi, maana hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Dawa ya ganzi inayotumika huitwa lidokeini, wengine husema lignokeini. Ni ileile ya daktari wa meno. Ukiwahi kuitumia na ukavimba uso au ukakosa pumzi, mwambie muuguzi kabla hajafungua chupa. Inapoingia inawaka kama pilipili kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa dawa yenyewe ina asili ya ukali kama wa ndimu. Muuguzi akitumia sindano nyembamba na kusukuma dawa taratibu, kuwaka huko kunapungua sana. Akisukuma kwa haraka, utaruka kwenye kitanda.

Pa kuichoma ni muhimu kama dawa yenyewe. Inatakiwa iingie chini ya ncha ya kijiti, ile ncha iliyo karibu na kiwiko, pale chale itakapokatwa. Ikiingia chini, inakiinua kijiti kuelekea kwenye ngozi na kazi inakuwa nyepesi. Ikiingia juu yake, ngozi inavimba, kijiti kinajificha, na muuguzi anaanza kutafuta kwa kubahatisha kitu alichokuwa anakigusa dakika moja iliyopita. Kwa vijiti viwili, ganzi ikae chini ya ncha zote mbili. Kiasi chenyewe ni kidogo, mililita 1 hadi 3 za dawa ya asilimia 1.

Kisha kusubiri. Dakika 2 hadi 5. Wauguzi wanaotusikiliza, najua foleni mliyo nayo nje. Najua kuna mtoto mwenye malaria na mama mwenye uchungu chumba cha pili. Lakini dakika hizo mbili tatu zina kazi ya kufanya: panga vifaa, vaa glavu, ongea na mama. Ukikata kabla ganzi haijakamata, utazilipa dakika hizo mara tano, kwa sababu mama atakaza mkono, atajivuta, na kijiti kitakukwepa.

Mimi mwenyewe niliwahi kutolewa vijiti viwili, katika kituo nisichotaka kukitaja. Muuguzi alichoma sindano, akaiweka chini, akachukua kisu. Sikufika hata kuhesabu kumi. Nilipopiga kelele aliniambia, "Mbona wenzako hawalii?" Nikanyamaza kwa aibu, nikauma ncha ya kitenge changu mpaka alipomaliza. Niliporudi nyumbani sikuwaambia watu kwamba ganzi haikuwa imekamata, sikujua. Niliwaambia kwamba kutoa kijiti kunaua. Ninajiuliza ni mama wangapi walikaa na vijiti vilivyokwisha muda kwa sababu ya maneno yangu. Miaka baadaye nilitolewa kingine, mkono uleule, dawa ileile. Mkunga alikuwa mzee, mwenye maneno mengi. Alinichoma, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja kwa majina, akagusa mkono kwa ncha ya koleo na kuniuliza kama inachoma. Nilihisi anasukuma. Nilikuwa bado namsimulia habari za mtoto wa tatu aliponionyesha kijiti kwenye bakuli.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Turudi kwa mama yetu. Sasa amelala kitandani, mkono umeinuliwa, kiganja karibu na sikio.

MUUGUZI: Nimekwisha kuchoma. Sasa tunangoja kidogo. Nitagusa hapa. Unasikia nini?

MAMA: Unanigusa.

MUUGUZI: Inachoma, au inagusa tu?

MAMA: Hapo inagusa tu. Hapo pembeni… ai! Hapo inachoma.

MUUGUZI: Vizuri umesema. Naongeza dawa kidogo hapo, halafu tungoje tena. Nikianza, utasikia kusukumwa na kuvutwa. Huo ni mkono wangu. Ukisikia kitu kikali, sema "simama", na mimi nitasimama.

MAMA: Hata katikati?

MUUGUZI: Hata katikati.

MTANGAZAJI: Mambo mawili hapo ni ya kuyashika. Ganzi inaondoa ukali. Haiondoi hisia ya kusukumwa wala ya kuvutwa. Mama asiyeambiwa hivyo mapema ataogopa kila akisukumwa, akidhani kisu kinafuata. La pili ni lile la kupima. Muuguzi anayegusa na kuuliza kabla ya kukata anakupa nafasi ya kusema, na wewe usijikaze kiume. Tumelelewa kuvumilia, na mama zetu walitusifu kwa kutolia. Siku hii, kuvumilia kimya hakumsaidii mtu, kwa sababu muuguzi hana kipimo kingine cha kujua kama ganzi imekamata isipokuwa mdomo wako.

Wapo wauguzi wanaokataa kuongeza dawa kwa kuogopa kuzidisha. Tahadhari ni nzuri, lakini tupige hesabu. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kiwango cha juu kwa mtu mzima, kama dawa haina adrenalini, ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 50 anafikia kikomo kwenye miligramu 225, yaani mililita 22 hivi. Aliyepewa mililita 2 na akaongezwa 2 bado yuko mbali na hatari. Cha kuangalia ni maandishi ya chupa, kwa kuwa ya asilimia 2 ina nguvu mara mbili, na kuvuta sirinji nyuma kidogo kabla ya kusukuma, kuhakikisha sindano haiko ndani ya mshipa wa damu.

Na kama ganzi imekwisha kituoni? Hili linatokea, hasa pale barabara inapofungwa na magari ya dawa hayapiti. Jibu ni kwamba kijiti kinasubiri. Hakuna dharura ya kukitoa leo bila ganzi. Kituo kimpe mama njia nyingine kama kinga imekwisha, kimwandikie tarehe ya kurudi au kimwelekeze kituo chenye dawa, na kimwambie ukweli: dawa ya ganzi haipo. Kumwambia "jikaze, ni dakika moja tu" hakukubaliki, hata kama mama mwenyewe ametembea tangu alfajiri na anasema yuko tayari.

[Muziki]

MTANGAZAJI: Sasa habari ya vijiti vilivyozama. Wakati mwingine mama anapitisha kidole na hahisi kitu. Mara nyingi tatizo lilianza siku ya kuwekewa: sindano iliingia kwa kina badala ya kupita juu juu, chini tu ya ngozi. Kijiti kilichowekwa sawasawa unaweza kukigusa, na wakati wa kuwekewa muuguzi hutakiwa kukiinua kwa ncha ya sindano mpaka ngozi itokeze. Mama anayewekewa leo aombe akiguse kabla hajatoka chumbani. Ukikihisi siku ya kwanza, umejirahisishia siku ya mwisho.

Kijiti kisichohisika hakitafutwi kwa kisu. Narudia kwa ajili ya wauguzi: kisichohisika hakitafutwi kwa kisu. Ndani ya mkono wa juu inapita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayokwenda mpaka vidoleni. Koleo likibana mshipa wa fahamu, mama atahisi kama umeme unashuka mkononi, na akiumizwa zaidi anaweza kubaki na ganzi ya vidole au mkono dhaifu. Ukihisi umeme huo, sema mara moja, na kazi isimame hapohapo. Mama wa aina hii anatakiwa apelekwe hospitali yenye ekografia, kile kipimo ambacho Tanzania na Uganda huitwa ultrasaundi, ambapo kijiti kinaonekana kwenye kioo kabla ya kukatwa. Aina ya Implanon NXT inaonekana pia kwenye picha ya eksirei, kwa sababu imechanganywa na bariamu.

Hata kijiti kinachohisika kinaweza kukataa. Muuguzi akijaribu na kushindwa, au akitoa kimoja cha pili kikabaki, heshima yake haipungui akisimama, akafunga jeraha, akamwambia mama arudi baada ya wiki kadhaa likiwa limepona, au akampeleka kwa aliyemzidi ujuzi. Kinachopunguza heshima ni kuendelea kuchimba kwa nusu saa, chale inapanuka, ganzi inaisha nguvu, mama analia. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 kwamba wauguzi na wakunga wanaweza kuweka na kutoa vijiti bila kungoja daktari, na huo ni msaada mkubwa kwa vijiji vyetu. Lakini mafunzo mengi yalikazia kuweka. Mwaka 2013 bei ya vijiti ilishuka karibu nusu, mpaka dola 8.50 hivi kwa seti moja, vikaenea haraka katika nchi zetu. Kila kilichoingia siku hizo kilikuwa na siku yake ya kutoka, na siku hiyo imewakuta watu wengi wakiwa katika nchi nyingine, mbele ya muuguzi mwingine.

Hili si jambo geni duniani. Kijiti cha kwanza kuenea, Norplant, kilichoidhinishwa Finland mwaka 1983 na Marekani mwaka 1990, kilikuwa na vipande sita. Wanawake wengi wa Marekani walikwenda mahakamani katika miaka ya 1990, na maumivu ya kutolewa yalikuwa sehemu ya malalamiko yao. Vijiti vya leo ni kimoja au viwili kwa sababu, pamoja na mengine, watengenezaji walijifunza kwamba njia ya kutoka lazima ifikiriwe pia.

[Muziki]

MUUGUZI: Kabla sijaanza, mama, naweza kukuuliza? Unataka kingine, au unataka mtoto, au unataka tu kupumzika?

MAMA: Kupumzika. Damu yangu haina mpangilio, inanitesa. Kule tulikotoka walinikatalia kunitoa. Walisema nirudi na baba watoto.

MTANGAZAJI: Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi: rudi na mume, vumilia, utazoea, kijiti ni cha miaka mitano, bado miwili, kuweka ni bure lakini kutoa kuna malipo. Damu isiyo na mpangilio ni kero ya kweli ya vijiti. Muuguzi anaweza kueleza kwamba mara nyingi haina hatari, na anaweza kutoa dawa kama ibuprofeni kwa siku chache kwa mama atakaye kujaribu kuendelea. Baada ya maelezo hayo, uamuzi ni wa mwenye mkono. Akisema nitoe, anatolewa. Hadaiwi sababu.

Juu ya ruhusa ya mume, sheria ya afya ya umma ya Kongo ya tarehe 13 Desemba 2018 inataka mume na mke waelewane juu ya njia ya uzazi wa mpango, lakini inasema pia kwamba wasipoelewana, matakwa ya yule anayetumia njia hiyo ndiyo yanayotangulia. Ni vizuri mama wajue hivyo, na viongozi wa kambi nao wajue.

Baba unayesikiliza, nina neno na wewe pia. Mkeo akirudi na bandeji mkononi, huo mkono usiinue ndoo kubwa wala kusaga muhogo siku hiyo na kesho yake. Maji yanaweza kuchotwa na mwanaume. Nimeona wanaofanya hivyo, na hawajapungukiwa na kitu.

Mkunga mmoja aliniambia kwamba wapo mama wanaojaribu kujitoa kijiti wenyewe kwa wembe, baada ya kukataliwa kituoni. Kama unafikiria hivyo, tafadhali usifanye. Nenda kituo kingine. Mwone mhamasishaji wa afya wa eneo lako, mweleze umekataliwa wapi na kwa maneno gani. Kambini, mashirika mengi yana sanduku au namba ya kupokea malalamiko, na malalamiko ya namna hii yanastahili kuingia humo. Kuzuia mimba zisizotakiwa kumo katika huduma za awali za afya ya uzazi zinazotakiwa kutolewa tangu mwanzo wa dharura, na mama hawezi kuwa huru kuchagua kijiti kama hana pa kukitolea.

[Muziki mfupi]

MUUGUZI: Tumemaliza. Angalia hapa kwenye bakuli. Hesabu.

MAMA: Viwili. Ndiyo hivi tu?

MUUGUZI: Ndiyo hivyo tu. Na ni vizima, havikukatika.

MTANGAZAJI: Omba kuonyeshwa. Kila kipande cha Jadelle kina urefu wa sentimita 4 na zaidi kidogo, na ncha zake ni laini. Ukiona ncha imekatika kwa ukali, kuna kipande kimebaki, na muuguzi akuambie na aandike kwenye kadi mpya.

Chale haishonwi. Inafungwa kwa plasta, juu yake bandeji ya kubana, ambayo unaiondoa baada ya siku moja. Plasta ya ndani ikae siku 3 hadi 5, mkono usilowe. Ganzi ikiisha, baada ya saa moja au mbili, pataanza kuuma, parasetamoli inatosha. Kijani au weusi kidogo kwenye ngozi ni wa kawaida, unapita. Rudi kituoni ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka, joto mahali hapo, homa, damu isiyokoma, au vidole vinavyokufa ganzi siku ya pili.

Uwezo wa kupata mimba unarudi haraka, hata kabla hujaona hedhi. Wapo waliodhani dawa inabaki mwilini miezi mingi, wakashangaa. Kama hutaki mimba, anza njia nyingine siku hiyohiyo. Kama unataka kijiti kipya, kinaweza kuingia kupitia chale ileile, na ganzi ileile ikatumika.

Maswali mawili tunayoulizwa mara nyingi, halafu tunafunga.

La kwanza: je, naweza kutolewa nikiwa na hedhi, au ninaponyonyesha? Ndiyo, siku yoyote. Dawa ya ganzi kwa kiasi hiki haimdhuru mtoto anayenyonya.

La pili linatoka kwa mama wengi walioumia mara ya kwanza na sasa wanaogopa kurudi: nimwambie nini muuguzi? Mwambie hivyohivyo, kabla hujalala kitandani: "Mara ya mwisho ganzi haikukamata. Naomba unipime kabla ya kukata." Ni sentensi mbili. Kama unaona haya kuzisema, mpeleke dada au jirani azisemee, na akae karibu na kichwa chako mpaka mwisho.

Simu zipo wazi sasa. Mkunga wetu amekwisha kuvaa vipaza sauti. Karibuni.

[Muziki]